Njia Zilizoachwa na Farasi na Gari Moshi

Nyumba nyingi za pwani yetu leo zina mtu wao Uingereza. Huyu ana mwana anayesoma Manchester, yule ana dada aliyeolewa Leicester, na mwingine ana mkwe aliye muuguzi katika hospitali ya Liverpool. Mazungumzo ya simu, baada ya kuulizana hali na kuombeana dua, aghalabu huishia kwenye mwili. Baridi imemfungia mtu ndani. Chakula ni kile kile cha nyumbani, wali, viazi na nyama, lakini mwendo umekatika. Hakuna tena kwenda sokoni kwa miguu wala kupanda na kushuka ngazi za nyumba za Mji wa Kale. Daktari ameanza kutaja sukari na presha. Akiambiwa afanye mazoezi, jawabu lake ni moja: nikimbilie wapi, na barabara zote zimejaa magari, na bustani ya karibu imejaa macho?

Swali hilo nililisikia kwa mpwa wangu, na nilipokwenda kumzuru mwaka juzi nikakaa naye mwezi mzima, nililipata jawabu lake kwa miguu yangu mwenyewe. Nalo lina mengi ya kutufaa hata sisi tusiotoka hapa, kwa kuwa njia nilizopitishwa hazikujengwa kwa ajili ya mazoezi. Zilijengwa kwa ajili ya biashara, biashara ikafa, na kilichozibakisha ni uamuzi wa watu waliokataa zisikatwekatwe. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Mtu akitoka Liverpool kwenda kaskazini, kuelekea Southport na Burscough, hapandi kilima. Mbele yake ni ardhi tambarare kama mkeka uliotandikwa, mashamba ya viazi, kabichi na karoti, mitaro iliyonyooka, na udongo mweusi wa mboji. Weusi huo una sababu. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa vinamasi, na katikati yake palikuwa na ziwa liitwalo Martin Mere, mojawapo ya maziwa makubwa ya Uingereza katika zama zake. Kazi ya kulikausha ilianza katika miaka ya 1690, pale bwana mmoja mwenye mashamba, Thomas Fleetwood, alipochimba mtaro wa kuyapeleka maji baharini. Maji yalirudi mara nyingi, vizazi vikashindana nayo, hata mwisho ardhi ikatii. Baki la ziwa hilo leo ni hifadhi ya ndege, iliyofunguliwa mwaka 1975, na kila majira ya baridi maelfu ya bata maji na mabata bukini hutoka Iceland wakashukia hapo. Mkimbiaji wa alfajiri ya mwezi wa Novemba huwasikia kabla ya kuwaona.

Katika tambarare hiyo hupita mfereji mrefu wa Leeds na Liverpool. Nasema mfereji, na msomaji asidhani ni mtaro wa kumwagilia maji. Ni njia ya usafiri, pana kiasi cha matishali mawili kupishana, iliyochimbwa kwa sururu na majembe kutoka bandari ya Liverpool hadi mji wa Leeds upande wa pili wa milima, kilomita 204. Kazi ilianza mwaka 1770 na haikukamilika mpaka 1816. Pigo la kwanza la jembe lilipigwa katika kijiji cha Halsall, katika tambarare hii ninayoieleza, na leo pana sanamu ya jiwe ya kibarua mchimbaji anayejinyanyua kutoka ardhini. Majina ya vibarua wale hayakuandikwa popote penye kuonekana. Ya wenye hisa yaliandikwa.

Wafanyabiashara wa Liverpool walitaka makaa ya mawe kutoka Wigan, na barabara za zama zile zilikuwa matope. Walikuwa wameona kilichotokea jirani yao: mwaka 1761 Mtemi wa Bridgewater alifungua mfereji wake kutoka machimbo ya Worsley hadi Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka kwa nusu. Baadaye mfereji ulibeba na pamba, iliyolimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki na kusokotwa na maskini wa Blackburn na Burnley, na hilo si jambo la kupita bila kulitaja. Kwa ajabu ya mambo, katika miji hiyo miwili leo, nyuma ya viwanda vilivyonyamaza, wanaoishi karibu na mfereji ni Waislamu wengi ambao baba zao walitoka Gujarati na Pakistani katika miaka ya 1960 kuja kufanya kazi za zamu ya usiku katika viwanda vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye miguu. Maji ya mfereji wa namna hii yamesimama, hayatiririki kama mto, na maji yaliyosimama hayakubali mteremko. Panapotakiwa kupanda, hujengwa chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma. Tishali likaingia, maji yakajazwa, likanyanyuka, lango la mbele likafunguliwa. Kila chumba ni gharama na ni kuchelewa, kwa hiyo wahandisi wa zamani waliona afadhali kuzunguka kuliko kupanda. Waliufuata usawa wa ardhi kama fundi anavyofuata uzi wa bilauri ya kupimia, kona hii na kona ile. Matokeo yake ni kwamba njia kuu ya mfereji kutoka Liverpool kuingia bara huenda zaidi ya kilomita 40 bila lango la maji hata moja. Kilomita 40 za usawa mtupu! Mwenye magoti ya miaka hamsini na kitu anajua thamani ya maneno hayo.

Na pembeni ya maji ipo njia. Matishali hayakuwa na mashine. Yalikokotwa na farasi aliyetembea ukingoni, na farasi mmoja aliweza kuvuta majini tani 30 na zaidi, mzigo ambao barabarani ungetaka msururu wa mikokoteni. Chini ya madaraja ya mifereji hii utaona mifuo ndani ya mawe na vyuma, iliyochimbwa na kamba zilizosugua mahali pamoja kwa zaidi ya miaka mia. Wasomi wa fiqhi watakumbuka mlango wa kuhuisha ardhi mfu, na humo kuna jambo liitwalo harimu. Kisima kina harimu yake na mfereji una harimu yake: ukanda wa ardhi pembeni ambao mtumiaji hana budi nao, pa kusimama mteka maji na pa kutupa udongo unapofukuliwa, na ukanda huo haumilikiwi na mwingine kwa kuulima. Nilipoiona njia ile ya farasi nilisema moyoni, hii ndiyo harimu tuliyosomeshwa, na hapa imehifadhiwa kwa miaka mia mbili na hamsini.

Watu wa Tana, kwa hakika, hawatashangazwa na habari za mfereji. Wanaujua wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha Mto Tana na Ozi ili mitumbwi ya biashara ipite, hata mto wenyewe ukaufuata na leo unamwaga maji yake Kipini. Tofauti ni kwamba sisi tuliuachia mto kazi ya kuamua.

Reli ilikuja baadaye nayo ikaongeza usawa juu ya usawa. Gari moshi lina nguvu nyingi lakini haliwezi mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo wajenzi wa reli hujaza mabonde kwa matuta na kukata vilima, ili njia isipande zaidi ya mita moja au mbili katika kila mita mia. Mataruma yakiondolewa na kokoto ikasawazishwa, kinachobaki ni njia bora ya miguu: imenyooka, ina upana wa kupishana watu wanne, na mteremko wake hauonekani kwa jicho.

Mwaka 1884 kampuni iliyoitwa Cheshire Lines ilifungua reli ya namna hiyo kupita katikati ya vinamasi vilivyokaushwa hadi Southport. Ilikuwa biashara mbaya tangu siku ya kwanza. Palikuwa tayari na reli fupi zaidi kando ya bahari kutoka Liverpool hadi mji huo huo, nayo mwaka 1904 ikatiwa umeme. Nani apande gari la kuzunguka akaacha la moja kwa moja? Reli ya vinamasi ilijikokota hata ikafungwa kwa abiria mwaka 1952.

Ndipo tunapofika penye kiini. Reli ikifa, inaacha kitu gani? Inaacha ukanda mwembamba na mrefu wa ardhi. Ukiupima kwa ekari, ni ardhi duni: upana wa ua, urefu wa safari. Mkulima anaweza kununua kipande kinachopakana na shamba lake, mwenye nyumba akanunua kipande cha kuongezea bustani, na baraza la mji likabomoa daraja ili lori refu lipite. Kila mmoja wao amefanya jambo la maana kwake. Lakini kipande cha mita hamsini kikishauzwa katikati, kilomita ishirini zote zimekwisha kuwa njia. Thamani yake ilikuwa katika kuungana kwake, na kuungana hakuna bei katika daftari la muuzaji.

Uingereza ilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka 1963 ilitolewa ripoti maarufu ya Richard Beeching iliyopendekeza kufungwa vituo 2,363 na takriban kilomita 8,000 za reli. Nyingi zilifungwa, na sehemu kubwa ya ardhi yake iliuzwa vipande vipande namna niliyoieleza, hata leo miji inayotamani kurudishiwa reli inakuta nyumba na maduka yamekaa juu yake. Zilizosalimika zilisalimika kwa sababu mtu fulani aliwahi. Mjini Bristol, kundi la wananchi lililoanza mwaka 1977, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Sustrans, liliishika reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath likaigeuza njia ya miguu na baiskeli, kilomita 21, kwa kazi ya mikono na kujitolea kati ya mwaka 1979 na 1986. Huko Lancashire, sehemu ya reli ile ya Cheshire Lines iliyo karibu na Southport iligeuzwa barabara ya magari. Lakini sehemu ya mashambani ilibaki ukanda mmoja, na leo imeungwa katika njia ndefu ya Trans Pennine, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2001, inayotoka Southport kwenye Bahari ya Ireland hadi Hornsea kwenye Bahari ya Kaskazini, kilomita 346.

Mfereji nao uliponea chupuchupu. Mizigo ilipungua mwaka hadi mwaka, na matishali ya mwisho ya makaa katika mfereji wa Leeds na Liverpool yalikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Palikuwa na wataalamu waliosema mifereji ijazwe udongo, kwa kuwa haiingizi fedha. Walijibiwa na watu wachache wakaidi, waliounda jumuiya yao tangu 1946, na sheria ya mwaka 1968 ikaigawa mifereji kwa matumizi, mingi ikatajwa kuwa ni ya burudani na ihifadhiwe. Tangu 2012 iko mikononi mwa shirika la hisani, si wizara wala kampuni. Sisi tunaoijua wakfu tunaielewa fikra hiyo mara moja: asili inazuiwa, manufaa yanaachwa yatembee. Haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi; anayepita ndiye mwenye haki. Ni kweli kuwa sehemu nyingi za kingo hizo mtu hupita kwa idhini ya wenyewe na si kwa haki ya kisheria, na wajuzi wa huko hulilalamikia jambo hilo. Lakini geti halifungwi.

Mpwa wangu anakaa upande wa Maghull, ambako mfereji hupita nyuma ya nyumba za watu. Mumewe alikuwa ameambiwa na daktari kuwa sukari yake imefika mpakani. Alianza kwa kutembea kutoka daraja moja hadi la pili. Hapo pana jambo zuri la kutajwa: kila daraja la mfereji huo lina namba yake kwenye kibao, kwa hiyo mtu hahitaji saa ya kupimia wala simu. Leo nimefika daraja hili, wiki ijayo nitafika lile. Baada ya miezi akawa anachanganya, anatembea daraja moja na kukimbia moja, kisha akakimbia moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na yeye alizigawa asubuhi tano za nusu saa, kabla ya kazi. Kuhusu ugonjwa wake sitasema zaidi ya alilonieleza mwenyewe, kwamba daktari ameahirisha dawa na kumtaka asiache.

Lakini aliyenifunza zaidi ni mpwa wangu mwenyewe. “Mjomba,” aliniambia, “mjini nikikimbia na mtandio na nguo zangu pana, yuko anayecheka na yuko anayetukana. Hapa ukingoni watu hunisabahi tu, wakapita.” Hutoka Jumamosi asubuhi na wanawake wenzake watatu, mmoja Msomali na wawili wenyeji wa hapo, na hawana wanaloshindania. Wako kina baba katika jamii yetu wanaokunja uso wakisikia mwanamke anakimbia. Kisa cha Bibi Aisha kushindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, kinajulikana kwa kila aliyepita madrasa, na inajulikana pia kuwa masahaba waliombwa watangulie mbele kwanza. Kilichotakikana pale kilikuwa pahala penye faragha. Mji unaompa mwanamke njia tulivu umempa na hiyo faragha. Mji usiompa humwambia akae ndani, kisha ukamlaumu kwa unene.

Mimi mwenyewe sikimbii, au tuseme hukimbia kwa namna ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kunipita akila ndizi. Ila niliufuata mfereji asubuhi nyingi, na nitasema niliyoyaona bila kuyapamba. Tambarare ina adabu zake. Kwanza ni upepo: hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia, unatoka baharini umejaa chumvi, na mkimbiaji asiyejua huanza safari ukiwa mgongoni mwake akajiona simba, kisha akageuka kurudi. Anza kwa kuukabili. Pili, njia ya usawa haikupi mapumziko. Kilima hubadilisha misuli inayofanya kazi, lakini hapa ni ile ile hatua kwa hatua, na mgeni huamka siku ya pili na nyama za miguu zilizokaza. Tatu, njia ya reli ni kavu karibu mwaka mzima kwa kuwa iko juu ya tuta, na ukingo wa mfereji huwa tope wakati wa baridi. Chini ya madaraja njia hubana na dari hushuka, na waendeshaji baiskeli hupiga kengele wakitarajia umewasikia, basi usizibe masikio yote mawili kwa visikilizio. Mbwa ni wengi, na wengi hawakufungwa. Na watoto washikwe mkono, maana kingo ni wima na maji ni baridi ya kukata pumzi hata mwezi wa Mei.

Mapumziko ya njiani mengi ni vilabu vya ulevi, vilivyojengwa zamani kwa ajili ya mabaharia wa matishali. Chukua maji yako na tende zako.

Niliporudi nilisoma habari za jaji mmoja wa Marekani, nazo sikuweza kuziacha. Kutoka Washington hadi mji wa Cumberland, katika jimbo la Maryland, kulikuwa na mfereji wa Chesapeake na Ohio, kilomita 297, uliofungwa mwaka 1924 baada ya mafuriko. Serikali iliununua, na katika miaka ya 1950 ukatokea mpango wa kujenga barabara ya magari juu yake. Gazeti kubwa la Washington Post liliuunga mkono mpango huo mwezi wa Januari 1954. William Douglas, jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, mtu wa miaka 55, hakufungua kesi. Aliliandikia gazeti akiwaalika wahariri wake watembee naye mfereji wote kwa miguu, waone wanachotaka kukizika. Wakakubali. Walianza watu 58 mwezi wa Machi, katika baridi na theluji, na waliotembea mwanzo hadi mwisho walikuwa 9, yeye akiwa mmoja wao. Gazeti likalegeza msimamo wake. Mwaka 1971 mfereji wote, pamoja na njia yake ya farasi, ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Na mwaka 1983 nchi hiyo ikapitisha kanuni kwamba reli isiyotumika yaweza kuwekwa akiba ikiwa ukanda mmoja, itembewe na watu kwa sasa, na siku treni ikihitajika tena ardhi iwepo. Hiyo ndiyo busara niliyokuwa nikiitafuta: kutoamua leo jambo ambalo kesho inaweza kulihitaji.

Kwetu hapa, mchana hauruhusu mbio, na alfajiri Barabara ya Mama Ngina hujaa hata watembeaji hugongana mabega. Mitaa ya bara ya Mombasa, Changamwe, Mikindani, Miritini, haina hata hiyo. Lakini ipo reli ya zamani, ile iliyoanzwa kujengwa hapa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ambayo kazi yake ilipungua sana reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017. Sisemi imekufa, baadhi yake bado hutumika, na ikirudi kubeba watu tutafurahi. Nasema kwamba ni ukanda ulioungana, na kila mkazi wa kandokando yake anajua jinsi kibanda kinavyoanza kwa maturubai, kikaja mabati, kikaja mawe, kisha ikatokea hati. Kila kunapoitwa kikao cha kukusanya maoni kuhusu ardhi ya reli, husimama wafanyabiashara, husimama madalali, na huulizana juu ya vipande. Sijasikia mzee wa mtaa wala kina mama wa darsa wakiuliza juu ya ukanda mzima, kama ubaki mmoja au la, na kama pembeni pake mtu ataweza kupita kwa miguu. Vikao hivyo hutangazwa, na mlango wake uko wazi kwa kila mkazi.

Limebaki la wasafiri. Anayekwenda wakati wa kiangazi ataona jua la Liverpool likitua karibu saa 3:40 usiku mwezi wa Juni, kwa hiyo ana jioni ndefu baada ya kazi. Mwezi wa Disemba jua limekwisha kutua kabla ya saa kumi alasiri, na njia hizi za mashambani hazina taa. Kwa mwanzo, kituo cha gari moshi cha Maghull hakiko mbali na mfereji, na kutoka mji huo mtu aweza kuifuata ama njia ya farasi kuelekea Lydiate na Halsall, ama ile ya reli kuelekea pwani, ambako hakuna kivuli lakini jicho hufika mbali. Mwenye pumzi zaidi apande kutoka Southport gari la Wigan, ashuke Burscough Bridge, kijiji kilichokuwa maskani ya familia za matishali, kisha akimbie kando ya mfereji kuelekea Parbold na Appley Bridge. Vituo vyote hivyo viko karibu na maji, kwa hiyo aliyechoka hukata safari popote akarudi kwa gari. Baada ya Parbold vilima huanza kuinuka kushoto na kulia, na mfereji haupandi nao. Hapo Appley Bridge ndipo unapokutana na chumba chake cha kwanza cha malango tangu kutoka Liverpool, na ndipo wengi hugeukia kituoni.